Utangulizi: Diski Inayopita Tundu la Printa

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa wewe huyaogopi makopo ya zamani."

Alikuwa ametoka Biharamulo kwa basi la alfajiri, akapita Lusahunga na Benaco hadi Ngara, kikapu kiko mapajani njia nzima. Ndani ya kikapu, chini ya kitenge, kulikuwa na kisanduku cha plastiki cha buluu iliyoiva, kebo nene yenye vichwa vipana pande zote mbili, adapta ya umeme, na diski nane za mraba zenye upana wa kiganja. Katikati ya miaka ya tisini mzee huyu alikuwa karani wa stoo wa shirika moja lililohudumia kambi za wakimbizi, na diski zile ndizo zilizokuwa daftari lake: magunia ya mahindi, maharage, madebe ya mafuta, nani kapokea na nani kasaini. Sasa amestaafu na anataka kuandika kumbukumbu zake. Duka moja lilimuuzia waya wa kubadilisha kichwa kile kipana kiingie kwenye tundu la USB. Akahangaika nao kutwa nzima, na kila alipochomeka, kompyuta ikasema imeona printa.

"Printa!" aliniambia, kama mtu aliyeitiwa ng'ombe wake punda.

Kompyuta haikukosea, na aliyemuuzia waya hakukusudia kumlaghai. Ukielewa kwa nini wote wawili walikuwa sahihi na diski isisomeke hata hivyo, umeshaingia katika elimu ninayokukaribisha ndani ya kijitabu hiki: namna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi (hapa Linux), inavyozungumza na vifaa, na namna ya kuipangia draiva kwa ajili ya hifadhi iliyounganishwa kwenye poti sambamba, lile tundu refu la mashimo 25 lililokuwa nyuma ya karibu kila kompyuta ya mezani. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi, walimu wa sekondari na makarani wa masjala wa wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo. Sidai kwamba wewe ni mtaalamu. Nadai tu kwamba huogopi skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na kwamba ukisoma ujumbe wa kosa unausoma hadi mwisho.

Kuhusu maneno, niseme mapema. Vitabu vingine huandika "kiendeshi", vingine "kiendesha kifaa", na ninawaheshimu waliotunga. Lakini sijawahi kumsikia fundi wa Ngara, wala wa Biharamulo, akisema kitu kingine zaidi ya "draiva". Nitaandika draiva. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na tangu hapo tumezoea faili, kabrasha na mengineyo. Huku chini kwenye kerneli bado hatujakubaliana, kwa hiyo nachukua neno linalotumika mezani, penye bisibisi na solda.

Msomaji atauliza: kwa nini jambo hili, na kwa nini Ngara? Sababu ni miaka. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na katazo hilo lililegezwa polepole sana. Wilaya za pembezoni hazikupitia enzi ya mashine kubwa wala enzi ya mashine ndogo za mwanzo. Kisha ikaja Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 mwezi huo watu walianza kumiminika kutoka Rwanda kupitia daraja la Rusumo, na UNHCR ilikadiria kwamba takriban 250,000 walivuka ndani ya saa 24 hivi. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, pakawa mji wa maturubai kwa wiki moja. Mashirika yaliyofuata yalikuja na jenereta, redio za mawasiliano na kompyuta. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapa hapa Ngara. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walitakiwa kurejea kwao kabla ya mwaka kwisha, turubai zikakunjwa, na vitu vingi vikabaki kwenye makabati ya watu.

Kalenda ya teknolojia ilikwenda sambamba na miaka hiyo hiyo. Kiwango cha kimataifa cha poti sambamba, IEEE 1284, kilitoka mwaka 1994. Iomega ya Marekani ilianza kuuza kisanduku chake cha Zip, kama kile cha mzee, mwaka 1995. Tundu la USB, ambalo leo mtoto wa darasa la pili analijua kwa sababu ya flashi, lilikuwa bado halijaingia kwenye kompyuta za kawaida. Kwa hiyo kompyuta ya ofisi ya miaka ile, ukitaka kuiongezea hifadhi bila kuifungua, ilikuwa na mlango mmoja tu wenye kasi ya maana, nao ulikuwa mlango wa printa.

Sasa tuutazame mlango wenyewe. Chukua kebo, hesabu mashimo: 25. Nane ni ya kurudisha umeme, yaani ethi. Yanabaki 17, na hayo ndiyo yenye kazi. Nane hubeba data, biti moja kila waya, kwa hiyo baiti nzima hupita kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana ikaitwa sambamba. Nne ni za amri: kompyuta inaiambia printa "pokea", "jiandae upya", na kadhalika. Tano ni za majibu: printa inaiambia kompyuta "nina kazi", "karatasi imeisha", "kuna hitilafu". Hayo tu. IBM ilipoweka poti hii kwenye kompyuta yake ya mwaka 1981 ilifuata desturi ya printa za Centronics za miaka ya sabini, na printa haina mengi ya kusema. Wewe unaipa maneno, yenyewe inachapa.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo, na nakuomba ukae nao kidogo kabla hujagusa amri yoyote. Diski si printa. Diski lazima irudishe data. Poti ya mwanzo ina nyaya nane za kupeleka na tano tu za kurudisha, na zile tano hazikutengenezwa kwa data. Wahandisi walifanya ujanja: kifaa kinaigawa baiti vipande viwili vya biti nne nne, kinatuma nusu ya kwanza kupitia nyaya za majibu, kompyuta inaisoma, inatikisa waya wa amri, kisha kifaa kinatuma nusu ya pili. Ni kama daraja la zamani la Rusumo, lililokuwa la njia moja: lori la Rwanda linapita, la Tanzania linangoja, madereva wamekaa kivulini wanakunywa chai. Kuandika kwenye diski kunakwenda baiti kwa baiti, kusoma kunakwenda nusu kwa nusu. Matokeo yake ni kituko ambacho wanafunzi wangu hawakiamini mpaka wakipime wenyewe: katika hali hii kisanduku cha Zip kinaandika haraka kuliko kinavyosoma.

Baadaye zikaja njia bora. Ya kwanza iliruhusu zile nyaya nane za data zifanye kazi pande zote mbili. Kisha ikaja EPP, na tofauti yake si nyaya bali ni nani anayefanya kazi ya kubisha hodi na kuitikia. Katika poti ya kawaida, programu yenyewe inanyanyua waya wa amri, inasubiri jibu, inaushusha, kwa kila baiti; amri tatu au nne za prosesa kwa kitu kimoja kidogo. Katika EPP poti yenyewe inabisha hodi. Prosesa inatoa amri moja, chipu inamalizia. Ukiiruhusu zaidi, prosesa inatoa baiti nne kwa amri moja na chipu inazigawa yenyewe. Mwaka 2016, tarehe 6 Aprili, Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo la njia mbili pamoja na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ambapo gari linakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mto ni ule ule, malori ni yale yale. Kilichobadilika ni daraja na utaratibu wa kukagua. EPP ni hivyo.

Ukishalijua hili, mipangilio inayowatisha watu inageuka maswali matatu ya kawaida ambayo kerneli inakuuliza kwa lugha yake: poti iko wapi, inazungumza kwa njia gani, na nani mwingine anaitumia.

Iko wapi. Kompyuta ya zamani huiweka poti ya kwanza kwenye anwani 0x378 na mara nyingi huipa ishara ya kukatiza namba 7. Ya pili huwa 0x278. Anwani tatu mfululizo zinatosha: ya kwanza data, ya pili majibu, ya tatu amri. Unaona? Ni yale makundi matatu ya nyaya uliyoyahesabu kwenye kebo, yamepewa namba za nyumba. Linux huzifikia kupitia tabaka liitwalo `parport`, na juu ya kompyuta za kawaida kupitia moduli `parport_pc`. Mara nyingi inazitafuta yenyewe na kuzipata. Isipopata, unaiambia kwa mkono: `modprobe parport_pc io=0x378 irq=7`. Kama poti yako ni ya kadi iliyochomekwa ndani, usiilazimishe 0x378. Kadi hupewa anwani nyingine kabisa na moduli huifahamu. Nimeona vijana wakiandika 0x378 kwa sababu kitabu kilisema hivyo, kisha wakashangaa kimya kinachofuata.

Inazungumza kwa njia gani. Hili huanzia BIOS, kabla kerneli haijaamka. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, tafuta poti sambamba, utakuta chaguo kama SPP (ile njia ya kawaida ya mwanzo), EPP, ECP, au mchanganyiko. Kama BIOS imeifunga kwenye SPP, hakuna draiva duniani itakayoipa EPP. Anza na EPP. Ikisumbua, rudi kwenye SPP: itakwenda taratibu, lakini itakwenda. Zingatia hesabu hii ndogo. Diski ya Zip ina sekta 196,608 za baiti 512, yaani baiti 100,663,296. Tuseme njia ya nusu nusu inakupa baiti 50,000 kwa sekunde. Diski moja itakula zaidi ya nusu saa. Diski nane ni asubuhi nzima, kama umeme haukatiki. Panga siku yako hivyo, na usikae kuitazama.

Nani mwingine anaitumia. Hapa kuna historia fupi inayofaa kuijua, kwa sababu maelekezo ya zamani bado yanazunguka na yatakupoteza. Katika kerneli za 2.0, draiva ya printa na draiva ya Zip zilishindania poti. Ikishikwa na moja, nyingine inakosa. Kuanzia 2.2, ya Januari 1999, `parport` ikawa mwenyekiti wa kikao: draiva inaomba poti, inapewa, inamaliza, inaiachia. Kwa hiyo printa inaweza kukaa nyuma ya Zip kwenye mkufu mmoja na vyote vikafanya kazi. Maelekezo yanayokuambia uiondoe draiva ya printa kwanza ni ya kabla ya hapo. Hata hivyo, mimi huiondoa. Sina sababu ya kitaalamu. Nimezoea tu kazi moja kwa wakati mmoja.

Juu ya `parport` ndipo inakaa draiva ya kifaa chenyewe, na hapa Zip ina siri ambayo ikikufunguka kila kitu kinakaa sawa. Ndani ya kile kisanduku cha buluu hakuna "diski ya poti sambamba". Kuna diski inayozungumza lugha ya SCSI, na mbele yake chipu inayotafsiri SCSI kwenda kwenye nyaya za printa. Draiva inafanya tafsiri ile ile upande wa kompyuta. Ndiyo maana katika orodha ya kerneli hutaikuta chini ya poti sambamba bali chini ya SCSI, na ndiyo maana unahitaji pia draiva ya diski za SCSI, `sd_mod`. Wengi wanaojenga kerneli yao wenyewe huwasha `CONFIG_PARPORT` na `CONFIG_PARPORT_PC`, wakasahau `CONFIG_BLK_DEV_SD`, na kisanduku kikaonekana ila diski haionekani. Ukijenga, fanya vipande vya poti na vya Zip viwe moduli, usivigandishe ndani ya kerneli: moduli unaweza kuiondoa, ukabadilisha mpangilio, ukairudisha, bila kuzima mashine.

Draiva zenyewe ni mbili na lazima uchague. `ppa` iliandikwa na Grant Guenther mwaka 1995 na 1996, kisha ikalelewa na David Campbell wa Perth, Australia, ambaye ndiye aliyeandika ya pili, `imm`. Ya kwanza ni kwa visanduku vya mwanzo. Ya pili ni kwa Zip Plus na vile vilivyouzwa kuanzia takriban 1998. Namna ya kuvitofautisha ni ya kifundi safi, na naipenda: angalia kichwa cha kebo. Kikiwa na neno "AutoDetect", tumia `imm`. Kisipokuwa nalo, anza na `ppa`. Ukikosea hakuna kinachoharibika. Draiva itasema haijaona kitu, nawe utajaribu nyingine.

Basi siku ile, mbele ya mzee, nilitoa kompyuta yangu ya mezani yenye poti ya kweli, mashine nzito ya zamani ninayoitunza kwa kazi hizi. Kebo ya mzee haikuwa na neno lolote. Nikachomeka kisanduku, nikakipa umeme wake wa volti 5 kupitia adapta yake yenyewe, nikatia diski, ndipo nikaandika `modprobe ppa`. Mpangilio huu una maana: kifaa kiwe na umeme kabla draiva haijakitafuta. Kisha `dmesg`. Mistari michache: imekiona kifaa kwenye ID 6, inajaribu EPP ya biti 32, halafu mawasiliano yamepatikana. Chini yake, kwa herufi kubwa, IOMEGA ZIP 100. Mzee alisogea, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "Zip mia." Akacheka.

Wakati mwingine mawasiliano hupatikana kisha kusoma kukaanza kutoa makosa. Poti nyingine za zamani ni nzito: draiva inabadilisha waya wa amri, na kabla jibu sahihi halijatulia inasoma, ikapata takataka. Kerneli ina chaguo mahsusi kwa ajili hii, `CONFIG_SCSI_IZIP_SLOW_CTR`, linaloilazimisha ingoje sehemu moja ya milioni ya sekunde, si zaidi. Nimewahi kuokoa diski nzima kwa kungoja huko. Dawa ya haraka zaidi, bila kujenga kerneli upya, ni kushusha njia: unaandika `mode=1` ndani ya faili la `/proc/scsi/ppa/` lenye namba ya kifaa chako, na draiva inarudi kwenye nusu nusu. Ukilisoma faili hilo hilo linakuambia poti na njia inayotumika sasa hivi. Ni moja ya sehemu chache ambapo mashine inajieleza bila kuzungushwa.

Sasa onyo. Msomaji, hapa naomba ufunge redio.

Maelekezo yote ya zamani yanasema diski ya Zip ni `/dev/sda4`. Ile nne ni ya kweli hadi leo: diski zilizotoka kiwandani kwa ajili ya kompyuta za DOS na Windows zilikuwa na kizigeu kimoja tu, na kilipewa namba 4. Lakini ile `a` ni ya enzi nyingine. Wakati ule diski ya ndani ya kompyuta ilikuwa ya IDE na iliitwa `hda`, kwa hiyo Zip ikawa ya kwanza katika ukoo wa `sd`. Kerneli za leo mara nyingi huzipa diski za ndani jina la `sda` pia. Kijana anayefuata maelekezo ya 1999 kwenye mashine ya leo na kuandika amri ya kufomati `sda4` hafomati Zip; anafomati diski ya ndani, yenye kazi za ofisi nzima. Sina haja ya kusema jambo hili lilitokea wapi. Lilitokea, na nilikuwepo. Tazama `dmesg` kila mara, tafuta kifaa chenye sekta 196,608, ndipo uandike jina lake.

Na ukishalipata jina, usiandike chochote kwenye diski. Pachika kwa kusoma tu: `mount -o ro -t vfat /dev/sdb4 /mnt/zip`, kama kwako ni `sdb`. Bora zaidi, kabla ya kupachika, nakili diski nzima sekta kwa sekta iwe faili moja kwenye kompyuta, kisha fanya kazi na nakala. Diski za sumaku za miaka ya tisini zimekaa kwenye vumbi letu jekundu na unyevu wa masika. Huenda ikasomeka mara moja tu. Ukisikia kisanduku kinapiga tik, tik, tik bila kukoma, toa diski na usitie nyingine. Vichwa vyake vya kusomea vimeharibika, na kisanduku kibovu huharibu diski nzima, kisha diski iliyoharibika huharibu kisanduku kizima utakachokijaribu baadaye. Ugonjwa huu huambukiza pande zote mbili.

Nirudi kwenye waya wa USB aliouziwa mzee. Waya ule ndani yake una chipu inayojitambulisha kwa kompyuta kama printa, na inapokea jambo moja tu: mkondo wa herufi za kuchapa. Zile rejista tatu, data, majibu na amri, haikupi uziguse. Draiva ya Zip inaishi kwa kutikisa nyaya za amri na kusoma nyaya za majibu moja moja. Kwenye waya wa USB hakuna cha kutikisa. Kompyuta ikasema printa, na ilikuwa kweli tupu. Hakuna mpangilio wa kerneli utakaolibadilisha hili, kwa hiyo usipoteze siku. Tafuta mashine yenye poti ya kweli, au kadi ya poti ya kuchomeka ndani.

Ipo familia ya pili ya vifaa, nami nitaipita haraka kwa sababu huku kwetu nimeviona vichache: visanduku vyenye diski ya IDE ndani badala ya SCSI, pamoja na visomaji vya CD na diski za SuperDisk. Kila kampuni ilitumia chipu yake ya kutafsiri na lugha yake. Guenther aliviandikia mfumo mmoja, PARIDE, wenye draiva za chipu chini na draiva za kifaa juu. Ulidumu miaka mingi, kisha katika kerneli 6.3 ya Aprili 2023 ukapisha `pata_parport`, kazi ya Ondrej Zary, inayoviunganisha vifaa hivyo na mfumo ule ule unaoendesha diski za kawaida. Sura ya tano inaueleza. Fikiria lakini: mwaka 2023 mtu bado anaandika draiva mpya kwa tundu la mwaka 1981. Watu wanaosema elimu hii imekufa hawajafungua makabati ya wilayani.

Na makabati hayo yana majina ya watu. Diski za mzee zilikuwa hesabu za stoo, lakini nyingine utakazoletewa zinaweza kuwa na orodha za familia, wagonjwa, watoto waliopotezana na wazazi wao. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, fundi muungwana hafungui mafaili kwa udadisi. Nakili, hakikisha nakala inasomeka, kabidhi kwa mwenyewe, futa yako.

Diski sita kati ya nane za mzee zilisomeka hadi mwisho. Ya saba ilitoa robo tatu, na ndani yake tulikuta orodha ya madebe ya mafuta ya Novemba 1995, imepangwa vizuri kuliko stoo nyingi ninazozijua leo. Ya nane ilianza kupiga tik nikaitoa haraka. Kisanduku chake sikiamini tena. Nina kisanduku kingine, cha baadaye, kinachohitaji `imm`, lakini kebo yake imeliwa na panya. Msomaji mwenye kebo nzima yenye neno "AutoDetect" kichwani, Ngara, Biharamulo au popote, tafadhali usiitupe: diski ya nane iko kwenye droo yangu, na mwenyewe bado anaisubiri.